Macho ya Mtoto wa Philomena

Uso wa mtoto ulikuwa umekamilika wote isipokuwa macho. Nywele zilikuwepo, paji lilikuwepo, na mdomo uliofunguka kidogo kama wa mtu anayetaka kuuliza jambo. Ila chini ya nyusi uliachwa weupe mtupu wa karatasi. Kwa miezi mitano Philomena alikuja kituoni kila Jumatano, akakaa mbele ya picha ile, akaongeza kivuli hapa na pale, kisha akaondoka bila kuugusa weupe ule.

Getruda, mkuu wa kituo, hakuwahi kumharakisha. Alikuwa mchoraji tangu usichana wake, akasomea ushauri nasaha ukubwani, akaziunganisha kazi hizo mbili katika jengo la vyumba viwili pale Dongobesh. Waliofiwa na waliovunjika moyo walikuja kuchora yale ambayo vinywa vyao vilishindwa kuyasema. Philomena aliletwa na dada yake wa pale pale, aliyempokea baada ya tope kushuka mlimani alfajiri na kuichukua nyumba yake ya Gitting, mwanawe akiwa ndani.

Lakini uongozi humla mtu taratibu. Miaka ya karibuni Getruda alishika kalamu ya ripoti kuliko brashi. Siku moja kabla ya maonyesho ya picha za kituo, wafadhili wakiwa njiani, alisimama peke yake mbele ya picha ile. Aliuona uzuri wake wote, akaliona na pengo lake. Mkono ukamwasha. Kwa dakika kumi tu alitia macho mawili, maangavu, yenye nukta ya mwanga pembeni. Akarudi nyuma hatua mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajihisi mchoraji.

Wageni waliipenda kuliko zote. Walikuwa wameizunguka wakati Philomena alipoingia, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisimama. Watu wakampisha.

"Nani ameyaweka?"

"Ni mimi, mama," Getruda alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani nakusaidia."

Philomena aliisogelea picha.

"Walipomtoa, macho yalikuwa yamejaa tope. Nikawa natafuta yale ya zamani. Yalikuwa yanakuja polepole, mwalimu. Wiki hii nilikuwa nimekaribia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa nikifumba yangu, naona haya ya kwako."

Hakupiga kelele. Alitoka tu, na kesho yake dada yake akaleta habari kwamba amerudi Gitting.

Barua ya pongezi ya wafadhili ilipofika, Getruda aliisoma akiwa amesimama, akaiacha mezani bila kuijibu. Jumamosi iliyofuata alipanda basi dogo, kisha pikipiki, hadi Gitting.

Alimkuta Philomena akipalilia viazi kando ya mahali ilipokuwa nyumba, ambapo tope lilikuwa limekauka likawa gumu kama sakafu. Philomena hakumwamkia. Kwa mtu wa huku, tena mdogo kwa umri kuliko mgeni wake, hilo lilikuwa jibu tosha. Getruda aliyaacha maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njia nzima. Aliinama kwenye tuta la pili, akaanza kung'oa magugu kwa mikono.

Walifanya kazi mpaka ukungu ukashuka na kuumeza mlima. Ndipo Getruda alipogundua jambo: alikwisha kuandika ripoti tano kuhusu mama huyu, na katika zote mtoto aliitwa "mtoto" tu.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa, "mwanao alikuwa anaitwa nani?"

Jembe likasimama. Mahali fulani chini bondeni ng'ombe walikuwa wakiswagwa kurudi nyumbani, na sauti za wachungaji zilipanda, zikafifia.

"Jina lake leo silitaji," Philomena alisema hatimaye.

"Naweza kuja tena?"

Philomena alilitazama shamba lote hadi pale lilipomezwa na ukungu.

"Palizi bado ni kubwa," alisema, akainua jembe.