Kivuli Kilichobaki Karakanani

Mlango wa karakana ya miwani ulikuwa mpana, na hilo peke yake lilimfurahisha Mwalimu Daraja hata akasahau kupiga hodi. Aliupima kwa mikono, akakipima kiti cha magurudumu kwa macho, akasema, "Unapita. Tena nafasi inabaki."

Binti aliyekaa kwenye kiti hicho alikuwa amemaliza sekondari majuma machache yaliyopita. Shuleni walimwita Spidi, kwa jinsi alivyoteremka na kiti chake koridoni kengele ikilia, wenzake wakijibandika ukutani kumpisha. Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu azaliwe, naye hakuwahi kugombana nayo, walishazoeana. Kilichomnyima usingizi ni kazi. Aliitaka kazi kama wengine wanavyotaka harusi. Kuwatafutia wanafunzi wenye ulemavu mahali pa kuanzia baada ya shule ndilo lilikuwa jukumu la yule mwalimu, na jina la Daraja alijipatia mwenyewe, maana kila mkutano alisema, "Mimi ni daraja tu, wa kuvuka ni wewe."

Meneja aliwapokea kwa mikono miwili. "Hapa hatubagui mtu," alisema. "Atakaa kwa majaribio, tukiridhika tunaajiri." Akamwonyesha Spidi meza yake, na kweli meza ilikuwa ya kimo chake barabara, ina taa ndogo ya kuinamisha shingo na bisibisi zilizopangwa toka mzee hadi kitinda mimba. Choo kilikuwa nyuma, juu ya ngazi. Spidi alizitazama zile ngazi, akageuza kiti. Tangu siku ile hakunywa chai ya asubuhi.

Fundi mkuu alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale. Ndiye aliyemfundisha kusaga kingo za lenzi, kuipachika kwenye fremu bila kuiachia alama ya kidole, na kukaza skrubu ambazo mtu akipiga chafya anaanza kutambaa sakafuni kuzitafuta. Spidi alikuwa na mtindo wake. Skrubu ikishakaa, aliirudisha nyuma robo, kisha akaikaza tena.

"Mbona unairudisha?" Shangazi aliuliza.

"Ili ijue njia."

Shangazi hakucheka. Kesho yake naye akaanza kuirudisha robo.

Jioni moja watu walikuwa wanazima taa na kunawa mikono. Spidi alishafika mlangoni Shangazi alipomwita. "Wewe, kivuli chako kimebaki."

Spidi akageuka. Kivuli kilikuwa ukutani juu ya meza yake, ndani ya kivuli cha kiti, kichwa kimeinama.

"Kina kazi mkononi," alisema. "Kikimaliza kitakuja."

"Haya, lakini kisichelewe, nataka kufunga."

Kilimkuta kituo cha basi, kikaingia chini ya magurudumu na kutulia. Siku nyingine kilimkuta nyumbani mama yake akipakua chakula. Kilipita chini ya mlango, na mama, ambaye kutwa alikuwa anapiga deki benki na alijua maana ya kurudi umechoka, akavuta mguu wake kukipisha. "Kiache kikae," alisema. "Jamani, wanawafanyisha kazi."

Kisha zikaja siku ambazo hakikurudi usiku kucha, na asubuhi, kwenye meza ya Spidi, zilianza kukutwa miwani ambazo hakuzikumbuka. Zilikuwa zimekazwa vizuri, kwa mtindo wake. Meneja alizichukua moja moja, akazitikisa sikioni, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

Siku ya mwisho ya majaribio kulikuwa na soda na cheti. Mwalimu Daraja alikuja amevaa tai. Meneja alitoa hotuba fupi, akasema karakana haijapata kuona mkono mwepesi kama ule.

"Kwa hiyo naanza lini?" Spidi aliuliza.

"Ah," alisema meneja. "Nafasi imeshajazwa."

"Na nani?"

Meneja akaelekeza kwa kidevu. Pale ukutani kivuli kilikuwa kinaendelea na kazi. Hata soda hakikuja kuchukua. "Unaona mwenyewe. Hakichelewi, maana hakiondoki. Halafu, mwanangu, tusifichane. Choo chetu kina ngazi, wewe ungekuja kuteseka bure. Chenyewe hakina haja."

Mwalimu Daraja akakohoa. "Makubaliano yetu yalikuwa mumwajiri mwanafunzi."

"Kwani hicho ni cha nani?"

"Ni chake."

"Basi ameajiriwa."

Mwalimu Daraja alilifikiria jambo hilo, akaligeuza huku na huku, akaona lina mantiki yake. Mwaka ule alikuwa amepata nafasi chache mno, na wakubwa zake walikuwa wanamuuliza. Akampa meneja mkono.

Spidi alikiita kivuli chake. Alikiita kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa jina lake mwenyewe, lile la kuzaliwa. Hakikugeuka. Alitoka kwenye jua la alasiri bila kitu chini yake, wala hakuaga.

"Binti, umeangusha kitu?" aliuliza fundi viatu wa pembeni mwa barabara, akitazama lami chini ya kiti.

"Nimekiacha kazini."

"Pole," alisema fundi viatu, akarudi kwenye soli yake.

Mama alipoisikia habari hiyo aliuliza karakana hufunguliwa saa ngapi. Kesho yake aliomba ruhusa benki, akavaa viatu vyake vya kutokea, wakaenda wote. Hakuna aliyewazuia. Mama ana macho ya mtu wa usafi, huziona kuta kabla ya watu, na alipoinua uso akaona kwamba kivuli cha mwanawe hakikuwa peke yake. Pembeni kulikuwa na kingine kimeegemeza gongo, na kingine chenye mkono ulioishia kwenye kiwiko, na kingine kimeinamisha shingo upande mmoja kama vipofu wanaposikiliza. Spidi aliwajua wote. Walikuwa wa shule yao, waliomtangulia. Yule wa gongo siku hizi alishinda barazani kwa kaka yake, akisalimia wapita njia.

"Wote hawa Daraja ndiye aliyewaleta?" mama aliuliza.

"Kila mwaka mmoja," alisema Shangazi bila kuinua macho kwenye lenzi. "Mimi nilimwambia meneja, kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Akanijibu, jua la nini, sisi tuna taa."

Mama alisogea ukutani, akaingiza ukucha ukingoni mwa kivuli cha mwanawe, akavuta. Kipande kilibanduka. Kilikuwa baridi, kizito kuliko alivyotegemea, na kilikuwa kinatetemeka taratibu kwa kufuata kazi. Alipokiachia kikarudi kujibandika. Mama akajifuta vidole kwenye sketi, akafuta tena, na njiani kurudi akafuta tena.

Siku zilizofuata Spidi alikaa dirishani, na ndipo alipogundua jambo. Jua likimpiga, vidole vyake vilianza kujongea vyenyewe. Kidole gumba na cha shahada vilishika kitu kisichokuwepo, vikakizungusha, vikakirudisha robo, vikakaza. Wingu likipita, vilisimama. Alitazama hivyo asubuhi nzima, jua na wingu, jua na wingu, mpaka akaelewa kwamba kivuli, hata kikiwa mbali, kinakula mwanga unaomwangukia mwenyewe.

"Mama," alisema, "funga mapazia."

"Kulikoni?"

"Kama hawaniajiri, wasinitumie."

Alihamia chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Mama alitundika blanketi mlangoni. Majirani waliulizia, wakaambiwa binti amepumzika. Mama alijivunia mwanawe siku zile, tena alijivunia sana. Alikuwa akipiga deki huku anacheka peke yake.

Haukupita muda meneja akaja na mfuko wa matunda. Aliketi gizani akiutafuta uso wa Spidi, asiuone.

"Kivuli chako kimefifia. Jana kimeangusha lenzi. Wateja wanarudisha miwani, mikono inachomoka."

"Kitafifia zaidi."

"Sasa unataka nini, mwanangu?"

"Kazi. Niingie mimi, nikae pale mezani, jioni nitoke na kivuli changu. Na zile ngazi za choo mzivunje."

Meneja akashusha pumzi. "Ngazi ni za jengo. Na jengo lina mwenyewe."

"Hata giza hili lina mwenyewe," alisema Spidi.

Meneja aliacha matunda, akaondoka akipapasa ukuta. Mama na binti walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini giza nalo lina gharama zake. Mama alijikata kidole akimenya viazi. Spidi alianza kusahau sura za vitu. Na lililomuumiza kuliko yote ni mikono yake: ilikaa mapajani, mizito, haina la kufanya. Alimwita mama, akamwambia wazi, "Mama, nimeikumbuka kazi." Aliichukia karakana na kuipenda kazi, na vitu hivyo viwili vilikuwa chini ya paa moja.

Mama akamshika mkono, wakakaa.

Fundi umeme alikuja asubuhi, kijana mwenye adabu, akamwamkia mama vizuri, akasema ametumwa na karakana kufunga taa, zawadi. Mama alikuwa bado amefunga kitambaa kidoleni. Alikitazama kile kitambaa, akamtazama mwanawe, akaliona blanketi lililovimba kwa unyevu. Spidi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mama akampisha fundi.

Taa ilifungwa katikati ya dari ya chumba cha nyuma, kubwa, nyeupe. Fundi alipokuwa anakusanya vifaa vyake mama aliuliza, "Na swichi umeiweka wapi?"

"Karakanani, mama. Wanawasha wao."

"Na mimi nikitaka kuzima?"

Kijana alifikiri kwa dhati. "Hapo sikutumwa."

Tangu siku hiyo taa iliwaka karakana ilipofunguliwa, na ikazimika mafundi walipokwenda kula na walipofunga jioni. Ikiwaka, mikono ya Spidi ilipanda kutoka mapajani na kuanza kazi, yote miwili, haraka, hewani. Kukimbilia sebuleni au uani hakukusaidia, huko kuna jua. Shangazi alituma salamu kwamba miwani sasa zinakazwa kama zamani. Spidi hakujibu salamu zile. Lakini mama aliona kwamba mwanawe analala usingizi, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kueleza.

Mwaka ulipogeuka Mwalimu Daraja alikuja kutembelea. Aliongozana na binti aliyemaliza sekondari mwaka ule, kiziwi, ambaye shule nzima walimwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyompita. Mikono yake ilipiga soga kuanzia asubuhi mpaka taa za bweni zizimwe. Spidi alimpenda tangu zamani. Kwake ndiko alikojifunza lugha ya alama, wakisengenya walimu mbele ya walimu.

"Nimemleta aone mfano," Mwalimu Daraja alimwambia mama. "Jumatatu anaanza majaribio. Nikasema aongee kwanza na aliyefanikiwa."

Redio alipiga magoti mbele ya kiti, akamkumbatia Spidi, akarudi nyuma kidogo apate nafasi ya kuzungumza. Akauliza kwa mikono: Kazi ikoje? Niende?

Taa ilikuwa inawaka. Mikono ya Spidi ilikuwa inafunga lenzi, na haikumsikiliza. Alijaribu kuinua hata kidole. Jasho likamtoka.

"Mwalimu," alisema kwa mdomo, "mwambie asiende. Mwambie nimesema mimi."

Mwalimu Daraja alimtazama Redio aliyevaa blauzi mpya, aliyoipiga pasi mpaka mikunjo ya mikono. Kisha mikono yake mwalimu ikasema: Anakukaribisha. Spidi aliisoma vizuri sana.

"Mama!" alipiga kelele. "Mtoe nje!"

Mama alimshika Redio bega, lakini hakujua alama hata moja, na Redio akadhani anakaribishwa kiti. Akaketi. Akamshukuru.

Mara taa ikazimika. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Gizani mikono ya Spidi ikawa yake. Aliinyoosha, akasema yote: usiende, watakubakisha, rudi nyumbani, kataa. Alisema kwa nguvu mpaka viungo vikalia, akarudia, akarudia. Aliinama mbele amshike Redio mikono, amwandikie viganjani kwa vidole, akashika hewa; kiti cha mgeni kilikuwa upande wa pili, karibu na mama. Magurudumu yakagonga kitanda.

"Unaona," Mwalimu Daraja alisema gizani, pengine akijiambia mwenyewe, "hata mapumziko ya chakula wanayo."

Taa ikawaka. Mikono ya Spidi ikapanda, ikashika, ikazungusha, ikarudisha robo, ikakaza. Redio aliitazama kwa makini. Ilikuwa mikono inayosema, hilo alikuwa na uhakika nalo, lakini neno lile hakuwahi kuliona. Akamuuliza mwalimu: Hiyo ni nini anayosema?

Kazi, mwalimu alijibu.

Redio akatabasamu. Aliinua mikono yake, akaliiga lile neno jipya polepole ili alishike vizuri: shika, zungusha, rudisha robo, kaza. Ukutani nyuma yake kivuli chake nacho kikaliiga. Redio akashusha mikono, akamtazama Spidi kuona kama amepatia, na kivuli kikarudia mara moja zaidi.