Miche ya Mgeni Rasmi

Jioni hiyo dobi alikuwa ameinamia beseni la kusuuzia, akikamua mashuka ya nyumba ya wageni, binti yake wa mwisho alipoingia uani na mabuti ya mpira ya mradi. Nyuma yake uliingia mche wa mwarobaini. Ulikuwa na kimo cha mtoto wa chekechea na ulitembea kwa tabu, maana mizizi yake ilikuwa bado imo kwenye kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki unaooteshewa miche kitaluni. Kiriba chenyewe kilikuwa kimetoboka chini kama soksi ya mjane.

"Na huo?" mama aliuliza.

"Umenifuata."

"Una wenyewe?"

"Una wenyewe wengi, mama. Ndiyo maana hakuna anayeumwagilia."

Dobi akamwambia mwanawe avue mabuti mlangoni, akauambia mche usikanyage mashuka, kisha akaumiminia kata ya maji ya kusuuzia. Mche ukanywa mpaka kiriba kikatuna.

Mradi ulikuwa wa vijana waliokosa shule, waliokosa kazi, na waliokosa mjomba wa kuwapigia simu. Uliwafundisha ajira za kijani. Kwanza walikaa ukumbini wakasikiliza habari za mustakabali wao, wakanywa soda, wakapewa fulana. Baadaye wakaingia kwenye huduma kwa jamii, yaani kupanda miti bure kwenye lililokuwa jalala la mji, kwa kuwa jamii ni yao. Mratibu wao walimwita Kofia. Hakuna aliyewahi kumwona ameivua ile kofia ya kijani ya mradi, na vijana walidai hata mkewe anamjua nayo tu.

Kofia alikuwa na utaratibu wake. Miche ilikuwa michache na wageni wa kupanda miti walikuwa wengi, kwa hiyo kila mche ulipandwa ukiwa ndani ya kiriba chake. Mgeni akishapigwa picha ameshika koleo, akanawa mikono na kuondoka, vijana waliung'oa mche, wakaupangusa vumbi, wakaurudisha kwenye pikapu umsubiri mgeni mwingine. Mwarobaini ule ulikuwa umeshapandwa na meneja wa benki, na kwaya, na chama cha wake wa wakubwa, na timu nzima ya mpira. Ulikuwa umezoea mno. Ukiona kamera uligeuza upande wenye majani mengi. Maji tu ndiyo haukuwahi kupewa.

Haukupita muda ikaja na mingine. Kila jioni ilimfuata binti kwa foleni, ikipisha pikipiki njiani, na kila asubuhi ilirudi naye kazini kabla ya majina kuitwa, kila mmoja ukajitumbukiza kwenye shimo lake. Kofia alijua. Alisema ilimradi inawahi, inakolala si shauri lake, na isije ikadai nauli.

"Shoga, nasikia umepata wakwe," jirani alisema juu ya ukuta.

"Wakwe wangekuja na kitu mkononi," dobi alimjibu, akaendelea kukamua.

Ulikuwapo mkangazi mmoja wenye utepe shingoni. Huo ulipandwa na mgeni rasmi mwenyewe siku ya uzinduzi, na haukukubali kujichanganya na wenzake. Ulienda kusimama mbele ya kiti cha plastiki, ukangoja kukaribishwa. Dobi aliutazama.

"Hapa kwangu hata mgeni rasmi anapanga foleni," aliuambia. Mkangazi ukarudi nyuma ukapanga.

Dobi hakuwa mtu wa kupenda mimea. Alikuwa na sababu yake ya kuimwagilia. Sabuni na dawa ya madoa vilikuwa vimeichanachana mikono yake, na asubuhi vidole vilichukua muda kukubali kushika kikombe. Hakutaka mikono ya binti iingie kwenye mabeseni yale. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuwa ameahidi mbele ya watu wote kwamba atarudi kukagua, na kijana ambaye mstari wake wa miche utakuwa hai ataajiriwa kitalu cha jiji, ajira ya kudumu, yenye likizo na matibabu. Binti alikuwa ameshaanza kukiita kitalu hicho "kazini kwetu".

Kisha majani yakaanza kuwa ya njano. Dobi akabinya kiriba cha mwarobaini kwa vidole, kama anavyobinya kola kutafuta uchafu. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha na kujizungusha mpaka imejinyonga.

"Hivi viriba vichanwe," alisema.

"Kofia amekataza. Tukivichana, mama, itashika ardhi hapa hapa. Haitatembea tena."

"Na tusipovichana?"

Binti alitazama mabuti yake. "Itafika siku ya mgeni imekufa."

Dobi alisimama kidogo akiwaza, si sana, maana maji ya mashuka yalikuwa yanapoa. Akachukua mkasi anaokatia nyuzi za vifungo. Walisogeza mabeseni, wakachimba uani, wakachana kiriba kimoja kimoja. Kila mche ulipoingia udongoni ulitoa pumzi kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Asubuhi binti aliiita ifuatane naye. Ilimtikisia majani, lakini hakuna uliojinyanyua. Akaenda peke yake.

Kofia hakumgombeza. Mashimo matupu hayakuwahi kumkosesha usingizi. Siku ya ukaguzi alituma pikapu ikakate matawi kwenye ua wa shule, yakachomekwa kwenye mashimo, yakanyunyiziwa maji ili yang'ae. Alipomfikia binti na tawi mkononi, binti alisema miche yake iko nyumbani na iko hai, na hatachomeka kitu kilichokufa akaita mti. Kofia alisema anaheshimu ukweli. Akauacha mstari wake mtupu.

Mgeni rasmi alipita akikagua. Alishika tawi moja, akasema vijana wa siku hizi wakiaminiwa wanaweza. Ajira ya kitalu ilikwenda kwa kijana wa mstari wa jirani, mpwa wa mgeni rasmi, ambaye alikuwa amejiunga asubuhi hiyo. Mabuti yake yalikuwa bado na karatasi ya dukani.

Dobi alifuta mikono kwenye kanga, akaenda ofisini akamleta Kofia uani. Kofia alikuja bila ubishi. Kufikia hapo miti ilikuwa imepita paa, na kamba ya kuanikia ilikuwa imefungwa kutoka kwenye mwarobaini hadi kwenye mkangazi, ambao ulikuwa bado una utepe. Kofia aligusa shina, akainua shingo huku ameshika kofia isianguke.

"Iko hai," alikubali. "Lakini iko nje ya eneo la mradi."

"Basi lihamisheni eneo."

"Mama, eneo limeshapigwa picha."

Alimwahidi binti nafasi katika awamu ya pili ya mafunzo, ya kujitolea kama ile ya kwanza, kwa sababu sasa ana uzoefu. Tangu siku hiyo, wageni wakitarajiwa, pikapu huja kukata matawi pale uani, kwa kuwa ni karibu na ni mabichi. Jioni matawi hurudi yenyewe, yakijikokota barabarani, kila moja likapanda na kujishikiza lilipokatwa. Dobi hulala bila kutia komeo la geti.

Awamu ya pili ilipokaribia, Kofia alileta furushi la kofia za kijani za vijana wapya zifuliwe, akasema zisichuje. Binti, aliyekuwa bado anasubiri kuitwa, alikunja mikono ya fulana, akaketi kwenye kigoda cha pili, akaingiza mikono kwenye beseni. Mama yake aliitazama ile mikono, akasogeza miguu kumpisha.

Kofia zilichuja. Maji yalitoka ya kijani kibichi, na binti akaenda kuyamwaga kwenye shina la mkangazi. Mkangazi ukakunja mizizi yake, ukangoja maji ya mashuka.