Siku ya Kufungua Kizimba

Mwaka jana Bun-rye aliwachanganya vifaranga wageni na kuku wake watatu siku ileile aliyowanunua kwenye soko la Gurye, na kabla ya mchana wote wawili walikuwa wameshadonolewa hadi kufa. Mwaka huu hakutaka kurudia kosa. Vifaranga sita aliwalea chumbani, kwenye sakafu yenye joto, mpaka wakaota manyoya. Kisha akawaweka ndani ya kizimba cha wavu katikati ya ua, wazoeane na wakubwa kwa macho tu. Wakakaa humo wiki tatu.

"Mama Seon-u, hao watazeekea jela," mumewe Gap-su alimtania.

"Nyamaza. Wale wa mwaka jana uliwazika wewe?"

Asubuhi moja alifungua kizimba, ufagio mkononi. Kuku mweusi, mbabe wa banda, alimwendea kifaranga wa kwanza kutoka na kumdonoa kichwani. Kifaranga akalia. Bun-rye akainua ufagio.

"Ngoja!" Gap-su alimshika mkono. "Anamwonyesha tu nani mkubwa."

Kweli, kifaranga alirudi nyuma kidogo, na yule mweusi akageukia majani yake ya kabichi. Muda si mrefu wote tisa walikuwa wanakula, wadogo wakijitenga pembeni. Hakuna aliyetoka damu.

Bun-rye aliketi kizingitini, miguu ikimtetemeka, akaanza kucheka.

"Hata siku ya harusi yetu hukutetemeka hivyo," mumewe alisema.

"Siku ile sikujua naingia wapi."