Tepe za Kofia ya Torquil

Bi Murdina, jirani yangu, anaapa kwamba alimwona Torquil mchunga kondoo akitaka kula kofia. Alivyosimulia yeye, mzee alikuwa peke yake jikoni, kofia inachemka sufuriani. Akaiopoa kwa uma, akaikamua, akaitandaza juu ya sahani, kisha akaketi mbele yake mikono magotini kama anayesubiri ipoe.

"Ilikuwa inatoa mvuke, mwanangu! Ilibaki chumvi tu."

"Labda viazi vilimwishia," nikasema.

"Cheka tu. Mwanamume akifiwa na mke huanza na kofia. Mwezi ujao utasikia amekaanga na kilti, ile sketi yake ya sherehe."

Nilicheka kweli, ila jambo moja lilinikaa kichwani. Dirisha la jiko la Torquil halitazami njia, linatazama mlima. Anayetaka kumwona humo ndani sharti azunguke banda la kuku na kupanda ukuta wa mawe, na Bi Murdina hulalamika magoti kila mvua inyeshapo, yaani kila siku.

Kesho yake asubuhi Torquil akaja kwangu, maana mimi ndiye mshonaji wa bonde, mbwa wake akabaki mlangoni. Kofia ameibeba ikiwa bado juu ya sahani, kama mtu anayeleta keki.

"Effie, binti yangu, niokoe. Ishbel wangu anaolewa Jumamosi. Kilti ya marehemu baba ninayo, koti ninalo, lakini kofia yake imeliwa na nondo. Nimenunua hii kwa mchuuzi, bereti tupu. Nikaichemsha iwe nzito, nikaiweka kwenye sahani ipate ubapa. Mama yake Ishbel alikuwa akifanya hivyo."

"Hebu ivae."

Akaivaa. Ilikuwa imerudi kwa yale maji moto, imemkalia utosini kama kifuniko cha buli. Mbwa alimtazama akageuza uso.

"Wakwe wanatoka mjini," akasema taratibu. "Sitaki mwanangu anionee haya."

Nikamkalisha. Nikapasua ukingo wa nyuma kidogo, kichwa kikapata nafasi. Nikazungushia ukanda wa miraba midogo myekundu na myeupe, nikaushona kwa mishono mifupi isiyoonekana. Juu katikati nikaweka kitufe cha sufi nyekundu. Upande wa kushoto nikapima pa kukaa ua la utepe mweusi, na yeye akatoa mfukoni beji ya ukoo wao, imefungwa katika leso.

"Na unyoya wa tai, tuweke?" nikamtania.

"Huo ni wa chifu peke yake. Unataka aje anivue mbele ya wakwe?"

"Haya. Na hizi tepe za nyuma?"

Tepe mbili hushuka pale pasuo lilipo, na katika bonde letu mwenye mke hufungiwa fundo, asiye na mke huachiwa zining'inie. Siku ya harusi mzee atamfuata mpiga zumari mpaka kanisani, na sisi wengine wote tutakuwa nyuma yake hatuna kingine cha kutazama. Tangu mkewe afe hajavaa kofia yenye tepe. Kwa hiyo hakuna ajuaye kama bado anajihesabu mwenye mke.

"Wewe waonaje?" akaniuliza.

"Kichwa si changu, mzee."

Alizishika zile tepe, akazinyoosha gotini, akazikunja, akazinyoosha tena.

"Funga fundo," akasema. "Nitapita baadaye kuijaribu."

Alipoinuka akanisogezea sahani. Nyeupe, ina ndege wa buluu, ukingo umemeguka. "Hii ni ya Bi Murdina. Alituletea mikate ya shayiri siku za msiba. Alikuwa akija kuidai, namwambia sijaiona."

"Kumbe ulikuwa nayo?"

"Tangu kondoo waanze kuzaa haji tena. Amechoka. Mrudishie tu."

"Lakini kwa nini ulimwambia hujaiona?"

Akamwita mbwa. "Mvua hiyo inakuja," akasema, akaenda zake.

Mchana Bi Murdina akaingia bila kubisha, kama kawaida yake, na ile hadithi ya kofia mdomoni tayari. Akaiona sahani mezani. Akaacha kucheka.

"Ameirudisha."

"Ndiyo."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaichukua, akaifuta kwa aproni ingawa ilikuwa safi. "Basi sina tena cha kudai kwake."

Akaketi. Nikaendelea kubandika ua la utepe, nikamwuliza bila kuinua macho, "Magoti yanaendeleaje, Bi Murdina? Maana ule ukuta ni mrefu."

"Ukuta gani, wewe mtoto?"

"Wa nyuma ya banda la kuku."

Alinitazama, mashavu yakamwiva, akacheka kidogo. "Una macho mabaya. Haya, nilikwenda. Nilipita nyuma kwa sababu pale dukani wameshaanza kutusema. Nilitaka kugonga dirisha."

"Ukagonga?"

"Sikugonga. Alikuwa ameketi pale anatazama. Sikujua anatazama kofia au anatazama sahani yangu."

Nikageuza kofia. Zilibaki tepe tu. Bi Murdina akasogeza kiti.

"Amesema uzifanyeje?"

"Fundo."

Kidole chake kikamzunguka yule ndege wa buluu. Kisha akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Effie, mwanangu. Usilifunge."

Nilikuwa na pini mdomoni. Tepe zilikuwa mikononi mwangu, moja huku, moja huku, na huko nje mbwa wa Torquil alikuwa ameanza kubweka getini.