Meza ya Alhamisi

Bi Wiebke Hartwig, mwalimu mstaafu wa Kilatini, alipanda ngazi za mji wa Marburg, Ujerumani, siku hiyo roho mkononi. Kitabu kilikuwa kimebakiza ukurasa mmoja tu.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya nene kama tofali, kuhusu msomi aliyeipa dunia kisogo ili afikiri vizuri, kisha akasahau alichotaka kufikiria. Kila Alhamisi, miaka nenda miaka rudi, wasomaji watatu waliichambua aya kwa aya kwenye meza yao ileile ya baa: Wiebke, Ruprecht mfamasia, na Profesa Thielmann.

Tatizo lilikuwa huyo Profesa. Wiebke alimpenda, tena alimpenda hadi supu ya viazi haipiti kooni. Lakini bado waliitana "Bi Hartwig" na "Bwana Profesa", utadhani wamekutana jana benki. Kule kwao humwiti mtu jina lake la kwanza mpaka ukaribishwe, na anayekaribisha ni mkubwa. Basi akamngoja Profesa, mwenye cheo chake. Sasa kitabu kikiisha, Alhamisi nazo ndio basi.

Ruprecht akaanza kusoma. Wiebke akapinga sentensi ya kwanza. Akapinga na ya pili.

"Bi Hartwig, leo hata nukta utaipinga?" Ruprecht akamtania. "Bia yangu inapata moto!"

"Nina miaka sabini na mbili, kijana. Nitapinga nikitaka!"

Profesa akaweka kijiko chini. "Sabini na mbili? Mimi nina sabini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mkubwa ni wewe." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nimengoja miaka yote hii unikaribishe. Ningeanzaje mimi, tena kwa mwanamke? Mama angefufuka anizabe kofi!"

Wiebke alitaka kucheka, akajikuta analia. Watu wazima na shahada zao, wamepekua akili ya mtu wa kubuni mpaka kwenye kona, na hawakuwahi kuulizana umri.

Akamnyooshea mkono. "Wiebke."

"Eckart," Profesa akajibu, akiushika.

Ruprecht akagonga meza kwa vifundo vya vidole, kama wanafunzi wanavyompongeza mhadhiri, hadi bia ikamwagika. Kisha akaurudia ukurasa wake, akasoma hadi neno la mwisho na kufunga kitabu.

"Kuna pingamizi?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa akimsikiliza.