Livu ya Mwamina

Kitabu kilitoka jalalani kwa Mzungu mmoja wa mpango wa karanga, hapa Nachingwea, mwaka arobaini na tisa. Jaladani kuna bibi kaacha mabega wazi, na nyuma yake bwana mwenye uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Mpishi wa Mzungu huyo, Eustakio, alijua Kiingereza. Kila alasiri tukikaa uani kwake na mkewe Klementina kubangua karanga za mbegu, alisoma kimoyomoyo, kisha akatueleza kwa Kiswahili huku akikwepa macho yetu.

Aliyemtesa zaidi ni Bi Mwanawetu, kungwi aliyewacheza unyago nusu ya wanawake wa pale, mimi nikiwamo; ndiye somo wangu. Eustakio akisimulia maua na bahari, anamkatiza, "Ruka maua." Wapendanao wakifika chumbani, anasikiliza, anatikisa kichwa. "Kurasa tatu anamshika mkono tu. Hawa hawakufundwa." Lakini kesho yake ndiye wa kwanza kufika.

Mimi sikuchomwa na mabusu. Nilichomwa na jambo moja: bibi yule alikuwa livu, mapumzikoni. Siku kumi na nne hakuteka maji wala hakutwanga, na bwana akamfuata hivyo hivyo. Hajampikia hata uji, anamfuata.

Mume wangu Kaimu aliendesha katapila, na kila mwaka alipata livu ya wiki mbili. Aliimaliza kitandani, akiita chai. Nikaanza kujiuliza kama ananitaka mimi au anaitaka mikono yangu. Swali hilo likiingia, halitoki. Basi siku livu yake ilipoanza, mwezi wa palizi, nilifunga kanga zangu.

"Naenda livu," nikamwambia. "Kwa mama, Mbekenyera. Wiki mbili."

"Nani atapika?" akasema.

Nikaondoka na jibu hilo, nalo lilikuwa zito kuliko furushi.

Siku ya tano nilikuwa nimejilaza mkekani kibarazani kwa mama, nikasikia kengele ya baiskeli. Kaimu, kavaa shati lililopigwa pasi, vumbi la njia nzima ya Ruangwa limemjaa kwenye nyusi. Moyo ulinipiga, sifichi. Kisha nikaona kifuko nyuma ya baiskeli.

"Nini hicho?"

"Mahindi. Nimeona huku mna kinu."

Ilinikata maini. Nikamgeuzia mgongo ili asinione machozi.

Ila Kaimu alisahau yuko wapi. Kwetu mkwe wa kiume haji ukweni akakaa, shamba likiwa na majani. Mama, bila kumtazama, alisema nami kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mwanangu, mwambie mkwe karibu sana. Jembe liko nyuma ya mlango."

Kaimu akalima. Siku tatu livu yake iliteketea kwenye shamba la ufuta la mama, nami mkekani nikila miwa. Mama alimsifu kupitia kwangu kila jioni, na kila sifa ilikuja na tuta jingine. Nilicheka, lakini kifuko cha mahindi kilikuwa pale pale ukutani, na kila nikikiona kicheko kinakwisha.

Siku ya nne tangu afike nikasikia mchi. Nikadhani ni mama. Nikazunguka nyumba, nikamkuta Kaimu, shati kavua, jasho linamtiririka, anatwanga vibaya mno, punje zinaruka nje.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna." Aliendelea kutwanga. "Mahindi haya nilichukua njiani tu, Mwamina. Mwanamume atapandaje baiskeli toka Nachingwea, afike ukweni mikono mitupu, aseme amemkumbuka mkewe tu? Watu watanicheka."

Nilimtazama viganja, vimetoka malengelenge. Nikamnyang'anya mchi. Sikutwanga, niliuegemeza ukutani. Mama, Mungu amlipe, alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumjulia hali Nkowe.

Tuliporudi Nachingwea, Bi Mwanawetu alikuwa ananisubiri uani kwa Klementina, mkeka kashautandika.

"Haya. Livu ilikuwaje?"

Nikaanza na kengele ya baiskeli, nikafika kwenye kifuko.

"Ruka mahindi," akasema.

"Hayarukiki, somo," nikamwambia. "Mahindi ndiyo yenyewe."