Mtunza Mbwa wa Suma

Kabla ya kuwa mtunza mbwa, Ambindwile alikuwa mchuma chai kama vijana wenzake katika shamba la Bwana Kemp, huko Suma. Siku moja mbwa jike wa Bwana alinasa kwenye mtego wa nguruwe pembeni mwa shamba. Alilia na kung'ata kila kilichomkaribia, na watu wakasimama mbali. Ambindwile akapiga magoti kwenye matope, akaanza kumsemesha kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayembembeleza mtoto, mpaka mbwa akatulia naye akaufungua ule waya. Tangu siku hiyo Bwana Kemp hakutaka mtu mwingine awaguse mbwa wake. Ilikuwa miaka mingi kabla ya Uhuru, na Ambindwile hakuwa hata na ndevu.

Walikuwa mbwa wakubwa wenye manyoya marefu, walioletwa kutoka nchi ambako bila shaka kuna ukavu kuliko huku Rungwe. Hapa mvua hainyamazi. Matope yaliwaganda tumboni na mapajani, na manyoya yasipochanwa kila siku yalisokotana, ngozi ya chini ikavunda. Asubuhi Ambindwile aliwatembeza, kamba za ngozi amezizungusha mkononi, nao wakimvuta huku na huku kama ng'ombe wa kukokota. Wakirudi aliwachana kwa kitana cha chuma, mmoja baada ya mwingine, kisha akawatoa kupe kwa kidole gumba na cha shahada, akimbana kila kupe polepole asije akaacha kichwa ndani. Mchana alipasua vichwa vya ng'ombe kwa shoka na kukoroga pipa la uji wa mahindi. Jioni aliwachana tena.

Kazi hiyo aliipenda. Aliwajua mbwa kwa pumzi zao, na Reks, dume kubwa kuliko wote, alikuwa akimlalia miguuni kila anapokaa. Mkewe Sekela alimcheka akirudi nyumbani. "Baba Andongwisye, leo umekuja wewe au amekuja mbwa? Harufu ni moja."

Maumivu yalianza kama ganzi katika vidole. Alidhani ni baridi tu. Kisha kidole gumba cha kulia kikawa kikikunjwa kinakwama, mpaka akivute kwa mkono mwingine, nacho kinafyatuka kwa mlio mdogo. Kifundo cha mkono kikavimba. Maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko, yakahamia na mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio aliokuwa akiutwika kazi ili wa kulia upumzike. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka mbele ya shemeji zake, kikavunjika. Shemeji zake wakatazamana. Walidhani amekunywa pombe.

Sekela alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akamfunga majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni. Kulipokucha Ambindwile aliyafungua, akaenda kuchana mbwa.

Aliyemsaidia kidogo ni Rajabu, fundi viatu wa Msasani, ile ya pale Tukuyu. Baba yake Rajabu alikuwa amekuja kutoka pwani, akaoa Tukuyu, akafia Tukuyu. Rajabu ndiye aliyeshona mikanda ya shingo ya mbwa wa Bwana Kemp, ingawa mbwa wenyewe hakuwaruhusu kuvuka kizingiti chake. Alipoona namna Ambindwile alivyoupokea mkanda mpya, kwa viganja viwili kama anayepokea yai, aliweka sindano chini.

"Lete huo mkono, ndugu yangu."

Akaupima kwa uzi. Alimshonea pingu mbili za ngozi laini, za kukaza vifundo visipinde ovyo. Hakutaka kusikia habari ya malipo.

"Zitakusaidia kushikilia," alisema. "Kuponya siwezi. Baba yangu alishona viatu mpaka mkono ukakauka, nami naanza kuusikia wangu. Hii ngozi tunayoishona nayo hutushona."

Pingu zile zilimpa nafuu kwa msimu mmoja hivi. Halafu akaenda hospitali. Mganga, mtu mzima mpole aliyejaa usingizi, alimgongagonga kifundoni, akamwambia akunje na kukunjua vidole.

"Hakuna kilichovunjika," akasema. "Ni mishipa. Imetumika kwa namna moja muda mrefu, imevimba, inabana. Dawa yake ni kuipumzisha mikono."

"Mpaka lini, mganga?"

"Mpaka ipone."

"Na mbwa je?"

Mganga alimtazama kama hakusikia vizuri. "Mbwa gani?" aliuliza. Ambindwile alishukuru, akavaa koti lake, akatoka.

Mwaka ule lilipotangazwa Azimio la Arusha, shamba likawa mali ya umma. Bwana Kemp alifunga mizigo yake. Aliwakumbatia mbwa, akampa Ambindwile mkono, na Ambindwile akauma meno kwa jinsi mkono ule ulivyobanwa. Gari likateremka barabara ya Tukuyu, mbwa wakilikimbilia mpaka getini.

Meneja mpya aliitwa Hezron. Alikuwa kijana wa huku huku, mtoto wa mkulima wa migomba, na hakuwa mtu mbaya. Aliamua mbwa wabaki walinde ghala la chai. Ambindwile akaenda ofisini kwake, kofia mkononi.

"Ndugu Meneja, mikono yangu imechoka. Nakuomba unibadilishie kazi."

"Mzee, nikupe kazi gani? Kuchuma chai ni vidole. Kuchambua ni vidole. Kupalilia ni mikono."

"Hata kukaa getini."

"Getini ndiko mbwa waliko." Hezron alikuna kichwa. "Nionyeshe basi unaumwa wapi."

Ambindwile alinyoosha mikono yake juu ya meza. Ilikuwa mikono tu. Haikuwa na kidonda, haikukatika kidole. Hezron aliitazama sana, kwa nia njema kabisa, asione kitu.

"Nikiwaambia kamati mtu huyu ni mgonjwa, wataniuliza mgonjwa wa nini," akasema kwa upole. "Vumilia kidogo, Mzee. Sote tunajenga taifa."

Akavumilia. Alijifunza kushika kitana kwa kukibana kati ya viganja viwili. Alijifunza kujifunga kamba za mbwa kiunoni badala ya mkononi. Manyoya yalianza kusokotana pale ambapo hakuweza kufika, na mbwa wakawa wanajikuna mpaka damu. Jike mzee akafa kwa kupe wakati wa mvua za Machi. Sekela alikuja kusaidia kuchimba kaburi, maana jembe lilimshinda mumewe.

Kisha lilitokea jambo la Felista.

Felista alikuwa mchuma chai, mama wa watoto wadogo. Asubuhi hiyo alipita mbele ya ghala na kapu lake mgongoni, akiimba. Kiuno cha Ambindwile kilikuwa kimeanza kuuma kwa kuvutwa, kwa hiyo siku hiyo kamba ya Reks alikuwa ameishika kwa mkono. Reks alikuwa na kidonda sikioni na hasira za siku nyingi. Akaruka. Ambindwile aliiona kamba ikipita katikati ya vidole vyake. Aliviamuru vifumbe, vikabaki wazi. Alipowafikia na kumtoa mbwa kwa kumkumbatia shingo, nyama ya paja la Felista ilikuwa imechanika vibaya.

"Kwa nini ulimwachia?" Felista alimlilia kama anayemlilia baba yake, akiwa amelala kwenye matope. "Nimekukosea nini, tata?"

"Sikumwachia," alisema Ambindwile. "Mwanangu, sikumwachia."

Felista alipona, lakini tangu siku hiyo alichechemea. Kamati ilikutana, ikaamua mbwa wote wauawe. Hakuna aliyepinga. Askari aliletwa na bunduki, lakini mbwa walipoiona sare yake waliparamia kuta za banda na kubweka hata asiweze kulenga. Hezron akaja mwenyewe nyumbani kwa Ambindwile, chini ya mvua.

"Mzee, wanakusikia wewe tu. Usipokuja watapigwa ovyo, watateseka."

Sekela alisema, "Asiende." Ambindwile alikuwa amekwisha kusimama.

Aliwatoa mmoja mmoja nyuma ya ghala. Kila mbwa alimkalisha, akapiga magoti, akamshika kichwa kwa viganja vyote viwili, akamsemesha mpaka bunduki ikalia. Mikononi hakusikia joto la masikio yao wala manyoya. Aliona kwa macho tu kwamba amewashika. Reks alikuwa wa mwisho. Alimlamba kidevu, akamwegemea kwa uzito wake wote, na Ambindwile ikambidi amzuie kwa bega.

Kazi yake shambani ikaishia hapo. Walirudi Kisiba, kwenye migomba ya ukoo wa Sekela. Ambindwile alikuwa akijiambia kwamba mbwa ndio walioila mikono yake, na kwa kuwa sasa hakuna mbwa, itarudi. Akaipumzisha kama mganga alivyosema. Masika yakapita, kipupwe kikapita. Nyama iliyo chini ya kidole gumba ikanywea, pakabaki shimo.

Shamba la ujamaa la kijiji lilikuwa na zamu. Kila mtu mzima alitoka na jembe. Ambindwile alitoka, akalima mistari michache, jembe likamponyoka na kumwangukia mguuni. Wenzake wakasubiri. Akaliokota, likaponyoka tena.

"Huyu, mkono wake mzima kabisa," alisema Amoni, mwenyekiti wa zamu, kwa sauti ya watu wote. "Alizoea kuwachezea mbwa wa Mzungu. Hapa hatutaki kupe."

Watu walicheka. Neno hilo lilikuwa likisikika kila mkutano siku zile, kwa kila anayekula jasho la mwenzake. Ambindwile aliliegemeza jembe kwenye mgomba, akaenda zake nyumbani, na kuanzia hapo Sekela ndiye aliyelima zamu mbili, yake na ya mumewe. Alirudi jua likizama, akapika, akamenya ndizi, akateka maji. Hawakuwa wakicheka tena. Hawakugombana pia, Sekela hakuwa na nguvu za kugombana.

Mwaka mmoja hivi baadaye jirani yao Anyelwisye alifika asubuhi, anavuta mbwa mdogo kwa kamba ya mgomba. Nguruwe walikuwa wakimmalizia mihogo.

"Ugonile, tata."

"Ugonile."

"Nimesikia hakuna mtu anayejua mbwa kama wewe. Nifundishie huyu. Kaa naye tu, umchane, umtoe kupe, azoee kamba."

Mbwa alikuwa wa kienyeji, wa rangi ya udongo, mbavu nje. Alimnusa Ambindwile magoti, akakaa. Ambindwile aliinama kidogo. Midomo ilimchezacheza, kana kwamba maneno yale ya zamani yako pale pale mlangoni. Sekela alisimama na beseni la ndizi, akamtazama mumewe.

"Mpeleke kwa mwingine," alisema Ambindwile.

"Lakini wewe ndiye unayejua."

"Najua. Mpeleke."

Anyelwisye alingoja kidogo, labda atabadili mawazo, kisha akaivuta kamba. Mbwa mdogo alikwenda akigeuka geuka mpaka migomba ilipomficha. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlimani na baridi imeanza kuingia. Shati la Ambindwile lilikuwa wazi kifuani. Alilishikashika kwa muda, halafu akaacha.

"Mama Andongwisye," akaita. "Njoo unifunge vifungo."

Sekela aliweka beseni chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja.